Jicho Zima la Bwana Nukta

Aliyemwita kwanza Bwana Nukta ameshasahaulika, lakini jina limemganda, na siku hizi hata akipigiwa simu na mtu asiyemjua hujitambulisha hivyo hivyo bila haya. Kazi yake ni nukta. Kwa miaka ishirini na mmoja amekuwa akikaa katika chumba kidogo kisicho na dirisha, mwisho kabisa wa ukumbi wa kliniki ya macho, akiwapima watu upana wa kuona kwao. Chumbani mna viti viwili, feni yenye kelele, mashine yenye bakuli kubwa jeupe, na pazia zito la mlangoni alilolitia viraka mwenyewe mara tatu, kwa sababu haamini kuna fundi atakayeweza kulifanya lizibe mwanga anavyotaka yeye.

Mgonjwa huweka kidevu kwenye ukingo wa bakuli, jicho moja likiwa limefunikwa, na kukodolea kitaa kimoja cha njano katikati. Hapo mashine huanza kumrushia vitaa vidogo huku na huku, vingine vikali, vingine hafifu kiasi cha kumfanya mtu ajitilie shaka. Akikiona, anabonyeza kitufe alichokishika mkononi. Mwishoni hutoka karatasi: palipoonekana taa panabaki peupe, pasipoonekana panajaa nukta nyeusi. Basi ndizo nukta hizo zilizompa mtu wetu jina, chakula, na kiburi kidogo ambacho mimi siwezi kumlaumu kwacho.

Ugonjwa wanaousaka humo ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Ugonjwa huu ni mdokozi. Haubebi sufuria nzima, unachota kidogo kidogo ukingoni, hauumi, hauwashi, na mwenye sufuria haoni kwamba imepungua mpaka siku atakapokuta kijiko kinagonga chini. Miaka sita iliyopita kliniki ilianza utafiti mkubwa. Walitaka kujua kama mgonjwa mpya aanzishiwe dawa ya matone ya kila siku au apigwe leza kwanza, na ni wa njia ipi atakayebaki na uwanja mpana wa kuona miaka ikipita. Watu mia tatu walitia sahihi, wakagawanywa kwa kura, na kila mmoja anarudi kila baada ya miezi sita. Madaktari wanaweza kupima presha ya jicho na kuupiga picha mshipa wake, lakini mtu huyu anaona nini hasa, hilo linasemwa na karatasi za Bwana Nukta.

Na yeye anajua. Ndiyo maana katika karatasi hizo hana simile. Mashine ile ina ujanja: mara nyingine hutoa mlio wake mdogo, tik, bila kuleta taa yoyote. Anayebonyeza hapo amebonyeza hewa, na mashine inamwandika. Hesabu ya mara alizobonyeza hewa hutokea kwa tarakimu ndogo chini kabisa ya karatasi. Ikizidi kumi na tano kwa mia, Bwana Nukta huichana karatasi hapo hapo na kuanza upya, hata kama aliyeketi ni mke wa waziri. Karatasi yoyote huanza kuisoma chini, kwenye tarakimu, ndipo apande juu kwenye picha. Wageni wote aliowafundisha kazi aliwakalia kooni kwa jambo hilo moja.

Lakini ukali wake unaishia kwenye karatasi. Kwa watu ni mlaini kama mkate wa asubuhi. Bibi akija na mtetemo wa mikono, anamwekea taulo chini ya viwiko. Mzee akisinzia ndani ya bakuli, anamwacha dakika mbili apate usingizi wake, kisha anakohoa. Na kila mtu anamwambia maneno yale yale, kwa sauti ya chini:

"Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Usizitafute taa. Ikija utaiona, isipokuja si kosa lako."

Wakati wa kuondoka anawapa mengine: "Ukifika nyumbani, waambie ndugu zako na wanao waje. Huu ugonjwa unatembea na damu."

Damu anaijua. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, kibandani pake barazani, akipanga spoki kwa vidole huku akipiga soga na wapita njia. Kwa miaka mingi watoto walimwona akiamka, akienda barazani, akirudi mezani, akichukua kikombe mahali pake, na ukimuuliza kama anaona vizuri, alikuwa na jibu moja: "Naona." Siku moja dada mkubwa, aliyekuwa ameshaanza kufundisha chekechea, alilisogeza kabati la vyombo ukuta wa pili ili afagie nyuma yake. Baba akatoka chumbani kwa mwendo wake wa kila siku na kulivaa kabati kwa paji la uso. Vikombe vilimwagika vyote. Akakaa sakafuni katikati ya vigae vya vikombe, damu inamchuruzika usoni, akasema, "Naona, ni haraka tu." Hapo ndipo walipotambua kwamba baba alikuwa haoni siku nyingi, ila nyumba aliijua kwa moyo. Hospitali waliambiwa wamechelewa mno.

Mdogo mtu, huyu Bwana Nukta wa leo, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Mwaka uliofuata aliomba kazi ya kufagia pale kliniki ya macho, na akawa anafagia polepole mno karibu na chumba cha mashine mpaka wakachoka kumfukuza, wakamfundisha.

Sasa, kuna jambo la Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajaruhusiwa kuingia, Bwana Nukta hujifungia na mashine yake na kujipima jicho la kulia, ahakikishe imeamka salama. Hakuna aliyemtuma. Karatasi anaitupia jicho, inakuwa nyeupe pe, anaitia kwenye faili, anafungua pazia. Moja ya zamani ameibandika ukutani na kuandika juu yake kwa kalamu nene: JICHO ZIMA. Pembeni yake ipo nyingine iliyojaa weusi nusu nzima, JICHO LINALOUMWA. Wagonjwa wakiuliza ile nzuri ni ya nani, anajitia hamnazo kidogo, halafu anasema ni ya kwake.

Dada yake mwenyewe ilibidi amwombe mwaka mzima ndipo akakubali kuja kupimwa. Wakamkuta na glakoma, changa bado. Akaingia kwenye utafiti, kura ikamwangukia kwenye leza, na tangu hapo kila baada ya miezi sita anakuja na mkoba wake mkubwa mweusi ambao hakuna ajuaye mna nini. Kanuni za utafiti hazimruhusu mtu kumpima ndugu yake, kwa hiyo siku ya dada Bwana Nukta hutolewa nje, na daktari wa utafiti, mwanamke mpole anayependa kuvaa raba, hukaa mwenyewe kwenye kompyuta.

Jumatano moja ilikuwa hivyo. Dada alimaliza kipimo, daktari akainua pazia, na Bwana Nukta akaingia haraka kuchukua karatasi kwenye printa, maana hata karatasi ya dada haiwezi kutoka bila yeye kuikagua. Akajikwaa kwenye mkoba.

"Mkoba gani huu unawekwa njiani," akasema.

Dada akausogeza. Bwana Nukta akachukua karatasi, akasoma chini, akasoma juu, akafurahi, akageuka kumwonyesha, akajikwaa tena. Daktari alicheka. Bwana Nukta naye akacheka, akasema chumba hiki kinataka kupanuliwa na ameshaandika barua mbili.

Dada hakucheka. Mtu aliyelea vitoto vya watu kwa miaka thelathini na mbili anatofautisha mtoto anayecheza na mtoto ambaye hakuona. Alikumbuka beseni la maji nyumbani kwake mwezi uliopita, alilolikanyaga huyu huyu na kulilaumu beseni. Alikumbuka ngazi ya mlangoni, aliyoikosa pia. Akanyoosha mguu taratibu, akausukuma mkoba mpaka katikati ya sakafu, palipoangukia mwanga wa ukumbini, mahali ambapo hata mlevi angeuona. Mdogo wake akaja akiongea, akautumbukizia mguu kwa mara ya tatu.

"Sasa huu umeusogeza makusudi," akasema.

"Ndiyo. Ulipimwa lini?"

"Mimi? Kila Jumatatu. Si hiyo hapo ukutani."

"Nimekuuliza ulipimwa lini. Sikukuuliza ulijipima lini."

Bwana Nukta alikunja uso. Alisema yeye ndiye anayewapima watu, tena amewafundisha wapimaji wa kliniki nne, na mashine hii anaijua kuliko aliyeiunda. Alisema na mengine, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kupanda, jambo ambalo daktari hakuwahi kulisikia mle chumbani.

Dada alimwacha amalize. "Baba naye alikuwa anaijua nyumba," akasema.



"Daktari," dada akaendelea, "hii mashine ina namna nyingine ya kupima? Ambayo huyu hajaizoea?"

Daktari alifikiri. Ipo, alisema. Taa zake zinakuja sehemu nyingine, na mwendo wake si huu. Haitumiki sana.

"Muwekee hiyo. Tuhamishe kabati."

Daktari hakuelewa habari ya kabati. Bwana Nukta alielewa. Kama dada amekosea, atamcheka mwaka mzima. Kama hakukosea, basi kuna macho yake, kuna kiti chake cha miaka ishirini na mmoja, na kuna binti yake wa pekee, ambaye yeye alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ugonjwa huu umempata shangazi tu, sisi tumesalimika.

"Nina wagonjwa watatu nje," akajitetea.

"Wanne," dada akasema. "Watatu nje, mmoja ndani. Kaa."

Akakaa. Hakujua kwamba kile kiti ni kigumu hivyo, kwa sababu Jumatatu huwa anakaa kwa haraka. Daktari akamfunika jicho la kushoto, akamrekebishia kidevu, na akamwambia yale maneno, neno kwa neno, kwa kuwa yeye mwenyewe alifundishwa na huyu huyu: asizitafute taa, ikija ataiona, isipokuja si kosa lake.

Tik. Kidole gumba kikabonyeza. Bwana Nukta akaganda. Kidole kilikuwa kimetangulia, jicho halijaona kitu. Tik nyingine, na kidole kikataka tena, kwa mazoea tu, jinsi mguu unavyoitafuta ngazi ya nyumbani kwako gizani. Mwendo ule hakuujua, kwa hiyo safari hii alijishtukia. Akaelewa, akiwa amekodolea kitaa cha njano, kwamba Jumatatu zote zile alikuwa anaucheza mlio wa mashine kama mtu anayepigia makofi wimbo anaoupenda. Na jicho lake, lililojua taa zitatokea wapi, lilikuwa linatoka katikati kuzifuata. Mgonjwa akifanya hivyo, yeye humwonea huruma na kuanza upya. Yeye hakuwa na wa kumwangalia.

Akakishika kidole kwa nguvu na kukiambia kingoje jicho.

Taa za juu zilikuja. Moja, nyingine, nyingine hafifu, akazibonyeza kwa haki. Halafu taa hazikuja tena. Alisikia tik, na hakuona kitu. Akasikia nyingine. Alikaa akingoja, na ule weupe wa bakuli ulikuwa mtupu kote. Akangoja sana.

"Daktari," akasema, "mashine imezima?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa na mamia ya watu, wakiwa na kidevu pale pale, na kila mara alijua limetoka wapi. Alijua na jibu lake, kwa sababu ndiye aliyelitunga.

"Inaendelea," daktari akasema polepole. "Wewe tulia tu."

Nyuma yake alisikia dada akivuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni akijizuia kulia.

Wakapima na la kushoto. Karatasi zilipotoka, daktari alitaka kuzichukua yeye, lakini mwenye chumba aliwahi. Akaanza chini, kwenye tarakimu. Tatu kwa mia. Karatasi ya kuaminika kabisa. Ingekuwa ishirini angeichana na kushukuru, ila ilikuwa tatu, akalazimika kupanda juu. Jicho la kulia lilikuwa na mkanda mweusi upande wote wa chini, kutoka puani hadi karibu na ukingo wa nje. La kushoto lilikuwa na weusi wa kuanza, mahali pale pale.

Alikwenda kwenye rafu, akashusha faili la Jumatatu, akalifungua juu ya mapaja, na kwa mara ya kwanza akasoma karatasi zake mwenyewe kama anavyosoma za watu. Ile ya miaka tisa iliyopita ilikuwa na mbili. Baadaye saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Ya juzi Jumatatu, iliyokuwa nyeupe kuliko zote, ilikuwa na ishirini na tisa. Ingekuwa ya mgonjwa yeyote, karatasi kama hiyo isingemaliza hata dakika moja mkononi mwake. Za kwake alizitazama picha tu, akaridhika.

"Hii ningeichana," akamwambia daktari. "Zote hizi ningezichana."

Daktari alimpima presha ya macho hapo hapo, ikawa juu, akampeleka kwenye picha ya mshipa, ikaonyesha umekondeana. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, na akamweleza bila kumvisha kilemba cha ukoka. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ni kingi, na kinaweza kulindwa, maana amekamatwa mapema kuliko baba yake kwa miaka mingi. Dawa ataanza leo. Kazi ataendelea nayo, kwani mashine haiendeshwi kwa miguu. Ila Jumatatu mtu mwingine atakaa kwenye kile kiti kuijaribu mashine, na yeye atapimwa na mtu mwingine, kama binadamu wote.

"Na utafiti?" akauliza. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa rohoni hata kabla ya macho yake.

"Karatasi za wagonjwa kila moja ina tarakimu yake, na umezilinda mwenyewe. Za Jumatatu hazimo kwenye hesabu. Lakini tuandike kwamba ukaguzi ule haukufaa."

"Nitaandika mimi," akasema Bwana Nukta, na akaandika, nusu ukurasa, bila kujipunguzia hata mstari. Alipomaliza akabandua ukutani karatasi ya JICHO ZIMA, akaikunja mara mbili na kuiambatisha na taarifa.

Daktari akatoka kwenda kufuata dawa. Ndugu wawili wakabaki chumbani. Dada alikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na woga mtupu, ambao kwa saa nzima alikuwa ameumeza kwa sababu mmoja wao ilibidi aumeze. Alimshika mdogo wake shavu kwa kiganja kizima, kama mtoto aliyekataa kula.

"Kabati la baba nililihamisha kwa ajili ya kufagia," akasema. "Nikachelewa. Nimekaa na vile vikombe kichwani maisha yangu yote. Hili leo nimelihamisha kusudi, na usiponisamehe sijali."

"Nimekusamehe dada. Mguu unaniuma lakini. Umeweka mawe kwenye huo mkoba?"

Wakacheka wote wawili, na dada akajifuta machozi kwa ukingo wa mkono bila kuyaficha.

Halafu Bwana Nukta akatoa simu. Hili hakutaka lilale mpaka kesho. Binti yake ni fundi rangi wa magari, na siku zote huzungumza na simu akipiga kelele kuushinda mlio wa mashine ya kupulizia. Baba akaanza maneno aliyoyasema mara elfu, kwamba huu ugonjwa unatembea na damu, kwamba inafaa ndugu wote na watoto waje. Katikati sauti ikamkatika. Upande wa pili mashine ya rangi ikazimwa.

"Baba," binti akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Kwani wewe huoni?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, la marehemu fundi baiskeli, na lingetoka lenyewe kama angeliachia. Akalimeza.

"Juu naona," akasema. "Chini kuna mahali sioni, mwanangu. Nimejua leo. Njoo kesho asubuhi, nitakuandikia wa kwanza."



"Nakuja sasa hivi," binti akasema, na akakata.

Bwana Nukta akairudisha simu mfukoni, akanyanyuka kwenda mlangoni kumwita mgonjwa wa kwanza kati ya wale watatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akainamisha kichwa kuitazama sakafu kabla ya kukanyaga. Ilikuwa tupu. Dada alikuwa ameshauokota mkoba na kuupakata.